Nyumba Tunazolala: Maneno Yaliyosemwa Mraru



Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, ama fedha za kutosha kupanga. Wengi twachukua fedha, twapanga chumba, twadhani mambo yamekwisha.

Hayajakwisha! Bwana Afya anayo ruhusa ya kukagua nyumba. Akikuta watu wamesongamana, au choo kibovu, humwandikia mwenye nyumba barua ya kutengeneza. Tena kwa sheria ya 2024 twakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu. Hizo nazo zahitaji kukaguliwa.

Mpangaji akilalamika peke yake huambiwa ahame. Kwa hiyo andikeni barua moja, watu wa vyumba vyote watie sahihi, kisha mpeni karani wa tawi aipeleke Voi.