MASHINE MBILI ZA KAHAWA
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kikundi kutimiza miaka kumi)

 

Tulianza mwezi Machi 2014 tukiwa akina mama 17, chini ya mparachichi wa nyumbani kwa mweka hazina. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000 na sanduku letu lilikuwa la bati, lenye kufuli tatu. Sasa tuko 31. Hesabu zote za fedha mtazikuta kwenye taarifa ya mweka hazina humu humu kwenye kijitabu, kwa hiyo hatutazirudia.

Kamati ya sherehe ilituambia tuzungumzie mafanikio. Sisi tumeona tuzungumzie mkopo mmoja ulioharibika, kwa sababu wanachama wapya wanausikia nusu nusu huko bombani, na kila anayeusimulia anaongeza chumvi. Mwenye mkopo ametupa ruhusa. Yuko hapa mstari wa pili, lakini tafadhali msigeuke kumwangalia.

Ni mkopo wa mashine ya kahawa.

Wageni wetu mtashangaa. Sisi watu wa Marangu, kahawa iko mgombani, unatoka mlangoni unaigusa, mashine ya nini? Jamani, sisi tuliokulia huku tunajua. Kahawa tuliichuma, tuliimenya, tuliiosha, tuliianika, lakini ilikuwa mali ya baba. Chama cha ushirika cha KNCU kilianza mwaka 1933, na tangu siku hizo fedha za kahawa zilipokewa na baba. Mama alikuwa na ndizi zake na maziwa. Na nyumbani tulikunywa chai! Wengi wetu tumekuwa watu wazima kabisa kabla ya kuonja vizuri kitu tulichokuwa tunakichuma tangu utotoni. Kwa hiyo mwenzetu aliposema anataka kunywa kahawa nyumbani kwake, tena ya kutosha nyumba nzima, hatukuona kuwa ni anasa.

Nyumba yake ina watu 11. Ukiwatoa watoto wawili wadogo, wanywaji ni tisa. Lakini mwezi wa Desemba, nanyi mnajua Desemba ya huku kwetu, watoto wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, watu 11 wanakuwa 25. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha kuni ni mkamwana. Yule binti alikuwa akikohoa moshi. Hiyo ndiyo sababu mwenzetu aliyotoa kwenye kikao, na tukaikubali.

Mwezi Novemba 2018 tulimpa mkopo wa shilingi 180,000. Katiba yetu inasema mkopo wa chombo hautolewi mpaka viongozi watatu wakakione. Tukaenda, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mpaka duka moja la vitu vya mtumba. Tukaiona. Ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa, imeandikwa vikombe 12. Tulifungua kifuniko, tukafunga. Tukabonyeza bonyeza. Plagi yake ilikuwa na miguu bapa isiyoingia kwenye ukuta wetu, muuzaji akatoa kidude cha kuunganishia, akasema hicho kinabadilisha umeme. Tukasema vizuri. Tukasaini, sisi watatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeigeuza kuangalia chini.

Tarehe 24 Desemba nyumba imejaa, wakaiwasha. Maji yalichemka haraka mno, wakashangilia. Halafu ikalia pah, harufu ya plastiki ikajaa, swichi kuu ikajizima. Krismasi ile walikunywa chai ya sufuria, na mkamwana akarudi kwenye moshi wake.

Sasa mwenzetu alikuwa amelipa shilingi 60,000, zimebaki 120,000 za mashine iliyokufa. Mume wake akasema, mnaona, vikundi vya wanawake ni kupoteza hela. (Baba huyo yuko hapa leo, na amekuja na zawadi, tunamshukuru.) Mwenzetu akaleta barua ya kujitoa. Kikao cha Januari 2019 kilianza saa nane, tukatoka giza limeingia. Wengine walisema katiba ni katiba, mkopo haufutwi, tukifuta huu kesho kila mtu ataleta chombo kilichokufa. Kweli kabisa. Wengine walisema viongozi walienda kuona nini? Na hilo pia kweli kabisa. Tuliona aibu, hatutaficha. Mwishowe ikaamuliwa kwamba sisi viongozi watatu tulipe shilingi 20,000 kila mmoja, na mwenye mkopo amalizie 60,000. Mmoja wetu alikasirika, vikao viwili hakuja. Cha tatu akaja na hela yake mkononi. Barua ile ya kujitoa katibu anayo bado kwenye faili.

Lakini hatukutaka kulipa bila kujua tumelipia nini. Tukaibeba ile mashine mpaka kwa fundi redio, tukamwambia aifungue mbele yetu. Jamani, ile asubuhi tulifaidi kuliko semina. Ndani hamna ajabu yoyote. Kuna tangi la maji. Maji yanashuka kwa uzito wake tu, yanapita kilango kidogo kinachoyazuia kurudi nyuma, yanaingia kwenye bomba la alumini lililokunjwa kama kwato la farasi chini ya sahani ya kuwekea jagi. Pembeni ya bomba kuna waya wa kupasha moto, kama wa pasi. Maji yakichemka, mapovu yanayasukuma juu kidogo kidogo, yanadondokea kwenye unga wa kahawa ulio kwenye chujio, yanachuruzika mpaka kwenye jagi. Hakuna pampu. Na waya huo huo ndio unaopasha ile sahani, jagi lisipoe.

Halafu fundi akaigeuza. Chini kuna kibandiko: volti 120, wati 900. Akatuuliza, huku kwetu umeme ni volti ngapi? Tukanyamaza. Ni 230. Akasema mashine ya Marekani ukiichomeka hapa, ule waya unavuta nguvu karibu mara nne ya ile uliyotengenezewa. Na kile kidude cha muuzaji kinabadilisha umbo la plagi tu, umeme unapita vile vile. Chombo cha kushusha umeme kipo, lakini cha kubeba wati 900 ni kizito na bei yake inakaribia ya mashine yenyewe. Waya ulikuwa umekatika, fyuzi ya ndani imeungua, na vipuri hakuna. Mashine ile bado iko kabatini kwa mweka hazina.

Mwezi Juni 2019 tukampa mkopo wa pili. Safari hii tulienda mjini Moshi tukiwa na kikapu, na ndani ya kikapu tuliweka jagi la lita moja lenye alama, na kikombe cha nyumbani kwa mwenzetu. Muuzaji alicheka. Alicheka mpaka tulipoanza kumwaga maji.

Akina mama, hapa msikilize vizuri, maana wengi mmesema mnataka. Neno vikombe 12 lisikudanganye. Kikombe cha mwenye kiwanda kina mililita 125, wengine 150. Kikombe chetu cha nyumbani kinaingiza 250. Mashine ya kwanza aliyotuonyesha, ya vikombe 12, tuliijaza ikachukua lita moja na nusu. Ni vikombe sita vyetu. Nyumba ina wanywaji tisa! Tena hapo hujatoa maji yanayobaki kwenye machicha, maana unga wa kahawa unakunywa maji karibu mara mbili ya uzito wake. Kwa hiyo ulizeni lita. Muuzaji akisema hajui lita, pimeni wenyewe.

Alituonyesha na pipa la bati lenye bomba, lita sita. Katibu alilipenda sana. Lakini lile halidondoshi. Linachemsha maji na kuyapandisha juu ya kahawa, yanarudi chini, yanapandishwa tena na tena, kahawa inakuwa chungu, na kulingoja ni zaidi ya nusu saa. Ukitaka vikombe vitatu tu halifanyi kazi vizuri. Kwa msiba au harusi linafaa. Kwa nyumba, hapana.

Kulikuwa na nyingine yenye jagi la chuma linalotunza joto kama chupa ya chai, bila sahani ya moto. Nzuri, haivunjiki. Lakini jagi lake liliishia lita moja na robo, na bei ilikuwa juu. Tukabishana pale pale dukani. Mweka hazina ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, nani kati yetu hana chupa ya chai ya lita tatu nyumbani? Tukachukua ya jagi la kioo, lita 1.8, kibandiko cha chini volti 220 mpaka 240, wati 1,000, plagi ya miguu mitatu. Chujio lake ni la wavu, unaliosha unarudisha. Tulikataa ile inayotaka karatasi kila siku, kwa sababu karatasi zikiisha utashuka mjini kutafuta karatasi.

Kabla ya kulipa tulisema ichomekwe, tukaweka maji matupu, tukakaa tukaangalia mpaka tone la mwisho. Dakika 12. Muuzaji hakucheka tena, alituletea viti.

Mwenzetu anaipika mara mbili. Ya kwanza anaimimina kwenye chupa ya chai na kuzima. Haiachi kwenye sahani ya moto, maana kahawa ikikaa pale inaungua na kuwa chungu, na umeme unaliwa bure. Mara mbili zote hazifiki nusu yuniti. Jagi la kioo halioshwi kwa maji baridi likiwa moto. Mashine ikianza kukoroma na kuchelewa, ni ule ukoko mweupe wa maji, kama wa ndani ya birika. Weka siki na maji nusu kwa nusu, ipitishe, halafu maji matupu mara mbili. Kahawa isisagwe kama unga wa sembe, itaziba chujio na kufurika mezani. Isagwe kama sukari.

Jambo moja hatukulihesabu dukani, na tunalisema ili lisiwashangaze. Mashine kubwa inakula kahawa. Ili iwe na ladha, lita moja inataka gramu kama 60, yaani vijiko vya chakula kumi hivi. Wanywaji tisa wanamaliza gramu 135 kwa asubuhi moja. Kilo moja inaondoka kwa wiki! Mwenzetu alipoona hivyo alipunguza. Sasa ni Jumamosi na Jumapili, na siku za wageni. Siku nyingine ni chai, lakini maji ya chai anayachemsha kwa birika la umeme, na mkamwana anaamka saa kumi na mbili. Mkopo ulimalizika Machi 2020.

Si wote waliokubali. Bibi yetu mmoja mwanzilishi, na amekaa hapo mbele, anasema sufuria na chujio vinatosha, na umeme ukikatika tutaona nani atakunywa. Bibi, hilo hatuna jibu lake. Umeme ukikatika mwenzetu naye anarudi kwenye sufuria. Mwanachama wetu mzaliwa wa Tanga, aliyezoea kahawa ya dele juu ya mkaa, alionja ya mashine akasema ni maji ya rangi. Tumemwachia.

Tangu wakati huo fomu ya mkopo wa chombo ina mstari mmoja zaidi. Imeandikwa volti ngapi, lita ngapi, na kimewashwa mbele ya nani. Viongozi wanaandika kwa mkono wao na kusaini.

Kahawa mtakayokunywa sasa hivi imetoka kwenye mashine hiyo. Imepikwa mara nane tangu asubuhi, na mkamwana ndiye aliyeisimamia, tunaomba asimame mumwone. Huyo mnaweza kugeuka kumwangalia. Chupa za chai tumeazima kwa wanachama, kila moja ina jina chini yake. Tafadhali msichanganye vifuniko.