Kusoma Ukiwa Kazini

(Maneno ya muuguzi mmoja kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia.)



Nimeombwa niwaeleze jinsi nilivyosomea shahada ya usimamizi wa huduma za afya kwa njia ya mtandao, huku nikifanya kazi katika zahanati kila siku. Sitaficha kitu. Hata aibu niliyoipata nitaisema, ili mwenzangu aepuke shimo nililoanguka mimi.

Kwanza, kusoma ukiwa nyumbani si jambo geni. Wazee mliopo hapa mnakumbuka walimu waliopanda daraja kwa masomo ya posta na redio yaliyotoka Kikuyu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Sisi wauguzi zamu yetu ilifika mwaka 2005. Shirika la AMREF, pamoja na Wizara ya Afya na Baraza la Wauguzi, lilianza mpango wa kuwawezesha wauguzi wenye cheti kupata diploma kwa kutumia kompyuta. Sababu ilikuwa wazi. Wauguzi hao walikuwa maelfu, na kama wote wangeitwa chuoni, nani angebaki kuzalisha akina mama? Siku hizi hata shahada inasomeka hivyo. Mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, na masomo yake ni ya mtandao.

Sasa mtauliza, kazi ya muuguzi ni sindano na dawa, usimamizi wa nini? Nitawajibu. Siku moja mama mmoja alileta mtoto mwenye homa kali. Nilimpima, nikakuta malaria, na dawa hakuna. Si kwamba serikali ilikataa kutupa. Mimi niliagiza nikiwa nimechelewa, tena kwa kukisia. Yule mama alitembea na mtoto mgongoni mpaka kituo kingine. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mimi sikulala usiku huo.

Tena pesa zimekuja karibu. Kuna sheria ya mwaka 2023 inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia kwa huduma. Na tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF, kwa hivyo ni lazima madai ya kituo yaandikwe sawasawa. Pesa ikiingia kwa mtu asiyejua hesabu, itapotea hata kama yeye si mwizi.

Basi nikaamua kusoma. Na hapa ndipo nilipoaibika. Mtu alinipigia simu akaniambia kuna shahada ya haraka, nilipe leo nafasi zisiishe. Niliuza ng'ombe mtamba nikatuma pesa. Baadaye nikaambiwa masomo yale hayatambuliwi popote. Mtamba akaenda hivyo hivyo. Ndugu zangu, kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mambo mawili: je, chuo kinatambuliwa? Na je, shahada hiyo yenyewe imeidhinishwa? Chuo cha kweli hakitakimbia ukiuliza.

Mara ya pili nilikuja kwa kikundi chetu. Nilisema ukweli wote, hata habari ya mtamba. Mama mmoja mzee akasimama akasema, "Binti yangu, tukikupa pesa usome, si utapata kazi ya mjini utuache?" Watu wakanyamaza. Nilimjibu, "Mama, siwezi kuahidi. Kazi ya serikali ni ya kuhamishwa. Lakini kila nitakachojifunza nitakifundisha hapa, ili nikiondoka kibaki." Wakanikopesha kwa riba ile ile ya kila mwanachama, wala sikupendelewa.

Karo si gharama ya pekee. Andika pia data ya simu, nauli ya kwenda kwenye mtihani ikiwa chuo kinataka ufike, na umeme. Nyumbani kwangu stima hupotea mara kwa mara, kwa hivyo kila jioni nilichaji kompyuta ndogo kwa jirani mwenye sola. Tena masomo niliyapakua siku mtandao ulipokuwa mzuri, nikayasoma baadaye bila mtandao.

Wakati ndio uliokuwa mgumu zaidi. Nilisoma saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi saa mbili zaidi. Jumla ni saa 12 kwa wiki. Kusoma usiku nilijaribu nikashindwa, maana mtu aliyehudumia wagonjwa kutwa husinzia tu. Kikundi kilihamisha mkutano wa Jumamosi ukawa Jumapili baada ya ibada. Mume wangu alijifunza kuwapikia watoto uji. Msicheke! Bila uji ule nisingemaliza.

Faida ya kusoma ukiwa kazini ni kwamba unachosoma alfajiri unakitumia saa mbili asubuhi. Tulipofundishwa kuagiza dawa, nilifungua rejista siku hiyo hiyo. Hesabu yenyewe ni hii: kama mnatumia pakiti 40 kwa mwezi, na dawa huchukua miezi miwili kufika, msingoje zifike 10. Zikifika 80, pamoja na akiba kidogo, agizeni. Hesabu hii nimeifundisha kamati ya zahanati, na yule mama mzee aliyeniuliza swali ni mmoja wao. Sasa kila mwisho wa mwezi yeye huja na daftari yake, ananiuliza, "Zimebaki ngapi?" Nisipojibu vizuri, sipati amani.

Kwa hivyo, vikundi, mwanachama akitaka kusoma akiwa kazini, msimpe pesa tu. Mpeni muda, na mumuulize maswali magumu. Na wewe unayesoma, usingoje siku ya kuvaa joho. Leta nyumbani ulichojifunza wiki hii.

Hata nikihamishwa kesho, yule mama anajua hesabu ya dawa.