Umeme wa Nyumba ya Mama



Nimeombwa nieleze mkopo wangu ulifanya kazi gani. Wengi mnajua niliuza nyumba ya marehemu mama, kule Tanga. Msichojua ni kwamba nusura niuze na mauti ndani yake.

Nyumba iliwekwa umeme miaka ya 1960. Mnunuzi alikuja na watoto wake watatu, akaipenda. Nilikwisha paka rangi, kuta zinang'aa. Rangi, jamani, inaficha mengi! Binti yangu ndiye aliyeuliza, "Mama, mbona swichi ya jikoni inawasha mkono?" Nikamjibu ni unyevu tu. Usiku sikulala.

Nikamwita fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo yule kijana wetu wa kuungaunga. Akazima meinswichi, akafungua soketi moja moja. Mpira wa nyaya ulikuwa umekauka, ukiugusa unapukutika kama ganda la karanga. Kwenye fyuzi mtu alikwisha funga waya mnene wa shaba. Fyuzi kazi yake ni kukatika. Ukiifunga hivyo haikatiki, unaungua waya wa ukutani. Soketi zina matundu matatu, lakini lile la waya wa ardhi halikuunganishwa na kitu. Yaani pasi ikipiga shoti, umeme unapita kwa anayepiga pasi! Akapima nyaya kwa mega, kwa volti 500. Hutakiwa isipungue megaomu 1. Jikoni haikufika hata nusu.

Shemeji akaniambia nyamaza, uza. Kwa kweli nilishawishika, maana fedha sikuwa nazo. Ndipo nikaja kwenu, Jumamosi ile ya mvua, mkanikopesha.

Nyaya zilibadilishwa zote, zikawekwa saketi breka, na ile ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Kuta zikachimbwa, rangi yangu ikaenda na maji. Kwa hiyo mwenye nyumba ya zamani aanze na fundi umeme, mpaka rangi atafuata.

Karatasi ya vipimo nilimkabidhi mnunuzi, nikamweleza na yaliyokuwepo kabla. Alinyamaza kitambo, akawatazama wanawe. Bei hakuongeza hata shilingi, tusidanganyane.

Marejesho nilichelewesha mara mbili, mkanikaripia. Nimemaliza mwezi uliopita. Kitabu anacho Katibu, mwenye shaka akakitazame.