Wimbo wa Nyenje

Mvua za kwanza zinyeshapo Shinyanga, usiku twasikia nyenje wakilia majanini. Wengi wetu hudhani ni kelele tupu. Sivyo: ile ni posa.

Aliaye ni dume. Haimbi kwa koo, bali hukwaruza mabawa yake. Bawa moja lina meno kama msumeno mdogo, na la pili lina ukingo wa kuyapitia. Jike husikia kwa masikio yaliyo katika miguu yake ya mbele, chini ya goti.

Na kila aina ina mapigo yake. Mmoja hukatakata sauti, mwingine huivuta pasipo kupumua. Jike hufuata mapigo ya aina yake. Ndivyo walivyo senene pia, ambao jirani zetu wa Bukoba huwala. Mwaka 1976 mtaalamu W. J. Bailey alitoa habari za uchunguzi wake katika Uganda, jinsi nyimbo zinavyopambanua senene wa aina mbalimbali wafananao kwa umbo.

Mtu atauliza, "Wakikosea, kuna hasara gani?" Jibu lilionekana kwetu Shinyanga, palipokuwa na kituo cha kuchunguza mbung'o, waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o hachagui mwenzi kwa wimbo, na aina mbili zikikutana hupandana. Bwana F. L. Vanderplank aliona ya kuwa uzazi wao huwa haba, na watoto wao wa kiume huwa tasa. Basi kati ya 1944 na 1946 waliletwa mbung'o wa nchi ya miyombo katika pori kavu lililojitenga, makao ya aina nyingine. Wenyeji wakapungua mno. Wageni nao wakashindwa na ukavu. Kisha watu wakafyeka, wakakaa.

Kosa lile lililowaangamiza mbung'o ndilo nyenje aepukanalo kwa wimbo wake.

Nanyi wanafunzi, usiku wa leo nyamazeni kitambo, mhesabu nyimbo mnazozisikia. Lakini zilinganisheni kwa usiku mmoja, kwa maana joto huharakisha mapigo na baridi huyapunguza. Jicho likishindwa kupambanua, sikio laweza.