Uso Chini ya Gunia: Mwigizaji wa Kike katika Riwaya ya Kihistoria ya Nakuru



Nimeombwa kuzungumzia riwaya ya kihistoria katika eneo hili la Bonde la Ufa. Ningeweza kupitisha saa nzima nikisifu vitabu vilivyokwisha kuandikwa. Nitavitaja, kwa kuwa vinastahili, lakini nia yangu ni kumtetea mhusika ambaye bado anangoja mwandishi: msichana wa Nakuru aliyetamani kuwa mwigizaji wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, akatumia kipaji chake vibaya, kisha akaishi miaka mingi akitafuta namna ya kujisafisha mbele ya watu aliowakosea.

Anayetaka riwaya kuhusu mwanamke wa Njoro haendi mbali. Beryl Markham alilelewa hapa kwenye shamba la babake, Clutterbuck. Mwaka 1936 aliruka peke yake kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, mwaka 1942 akachapisha kumbukumbu zake, na mwaka 2015 Paula McLain wa Marekani akamtungia riwaya, Circling the Sun. Sina ugomvi na Beryl, alikuwa jasiri. Ninachouliza ni kuhusu wanawake waliokuwa upande wa pili wa ua, waliokamua ng'ombe wa walowezi na kuchuma pareto huku watoto wamefungwa mgongoni. Wao pia walikuwa na vipaji. Wao pia walitaka kutazamwa.

Peter Kimani alitufungulia mlango mwaka 2017 kwa Dance of the Jakaranda, riwaya inayoileta reli, Wahindi, wamisionari na walowezi katika Nakuru ya mwaka wa uhuru. Naipenda sana. Hata hivyo, anayesimama jukwaani humo ni mwanamume, kijana Rajan anayeimba hotelini, na mwanamke anatujia kutoka gizani kama fumbo la kufumbuliwa.

Kabla yake kuna Warĩĩnga. Ngũgĩ wa Thiong'o alimwandika kwa Kigĩkũyũ, kwenye karatasi za chooni, akiwa kizuizini Kamĩtĩ, nasi tukamsoma kwa Kiswahili katika Shetani Msalabani. Wazazi wake wanatiwa ndani wakati wa Hali ya Hatari, analelewa na shangazi hapa Nakuru, tajiri mzee wa Ngorika anamharibia maisha, naye anaiendea reli ili afe. Mwisho wa riwaya anamwua yule mzee kwa bastola. Mwanafunzi anayesoma kisa hicho mjini humu husikia honi ya treni kwa namna nyingine. Lakini Warĩĩnga alitendewa. Fasihi yetu inamjua vizuri mwanamke aliyetendewa, na inamlilia kwa haki. Aliyetenda tunamkwepa, au tunamfanya kahaba wa baa ili tumhukumu haraka tuendelee na safari.

Nataka tumtazame aliyetenda.

Mwaka ni 1953. Msichana wetu ana miaka 17, binti wa skwota, yaani kibarua aishiye kwenye shamba la mlowezi. Babake hajasahau kifagio, ule msako wa mwishoni mwa miaka ya 1920 uliowapokonya maskwota mifugo yao. Shangazi yake alikuwa Olenguruone, kule ambako serikali iliwaweka watu mwaka 1941, ikawawekea masharti ya kilimo ambayo waliyakataa, kisha ikawafukuza. Wanawake wa Olenguruone walipopakiwa kwenye malori kupelekwa Yatta, waliimba. Wanahistoria, Tabitha Kanogo akiwa mmoja wao, wameeleza jinsi nyimbo hizo zilivyosambaa katika mashamba ya walowezi zikibeba habari na kiapo cha kuupinga utawala wa kikoloni. Kwa hiyo msisitizo wangu ni huu: msichana wetu hakujifunza kwa Wazungu kwamba mwanamke anaweza kusimama mbele za watu. Hilo alilikuta nyumbani kwao.

Kwa Wazungu aliona kitu kingine: mapazia, taa, na watu waliolipa ili wanyamaze na kutazama. Walowezi wa Nakuru walikuwa na maigizo yao, na jina la Nakuru Players lingali linajulikana mjini. Tumpe kazi ya kufagia ukumbi. Anaona mazoezi kutoka nyuma ya mlango. Ana jicho: mtu akipita mara moja, ameshamshika, jinsi anavyoburuta guu, jinsi anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Jioni, huko kwenye vibanda vya wafanyakazi, anamwigiza memsabu akihesabu vijiko, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Homugadi mmoja, askari mgambo wa serikali, amesimama mlangoni. Hacheki. Ameona kwamba binti huyu huwakumbuka watu.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na muda si muda Wakikuyu wa Bonde la Ufa wakaanza kuchujwa na kurudishwa kwa makumi ya maelfu katika maeneo ambayo wengi wao hawakuwahi kuishi. Bahati palikuwa na kituo cha mchujo. Wazee waliopo hapa wanajua gakunia ni nani: mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, likatobolewa mashimo mawili ya macho, akakalishwa huku foleni ikipita mbele yake. Hasemi neno. Akitikisa kichwa, umekwisha, unapandishwa lori.

Mwandishi akae hapo, asiharakishe. Gunia alilovikwa msichana wetu lina harufu ya mahindi ya mwaka jana. Vumbi lake linaingia puani, naye hawezi kupiga chafya, maana hata chafya ina mwenyewe na jirani ataitambua. Anajikunja ili aonekane mfupi. Anaficha vidole vya miguu. Kila alichojifunza kuhusu miili ya watu sasa anakitumia kuufuta mwili wake mwenyewe. Mbele yake anapita fundi cherehani wa mtaani, anapita mwalimu wa shule huru ya Karing'a iliyofungwa na serikali, anapita mama aliyemkopesha chumvi.

Kwa nini alikubali? Kakake yuko mikononi mwa polisi, naye ameahidiwa kwamba kaka huyo ataachiliwa. Hilo litatosha kwa msomaji mwepesi wa huruma. Mwandishi wa kweli ataongeza jambo gumu zaidi: kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, macho ya watu wote yalimwelekea yeye, wakangoja afanye nini, na ndani ya hofu yake palikuwa na chembe ya furaha. Riwaya isiyothubutu kuandika chembe hiyo haitamfikia msichana huyu, na haitatufikia sisi.

Sasa, atajisafishaje? Njia fupi ipo, na ni ya kihistoria. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, uliwafundisha waliookoka kuungama hadharani, na wengi wao Ukikuyu walikataa kiapo hata kwa gharama ya maisha. Msichana wetu angeweza kupiga magoti kanisani, akalia, akaimbiwa. Ninaiheshimu imani hiyo kwa moyo wote. Lakini msamaha wa Mungu haumrudishi fundi cherehani kwenye cherehani yake, na mkewe hakuwapo kanisani siku ile. Mwandishi akimalizia hapo atakuwa amemwokoa mhusika kwa kumwepusha na wadai wake.

Ningempeleka Limuru. Mwaka 1977 ana miaka 41. Kule Kamĩrĩĩthũ wakulima na wafanyakazi, baadhi yao wa kiwanda cha viatu cha Bata, wamejijengea jukwaa wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Anaketi miongoni mwa watazamaji, anawaona wanawake wa rika lake, wenye mikono ya kazi kama yake, wakisimama nyuso wazi na kuutaja wazi usaliti wa enzi ile. Maonyesho yalianza Oktoba. Kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imeyapiga marufuku, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Muda mfupi mno, lakini unamtosha. Anarudi Nakuru na matatu ya jioni akijua anachotaka kuigiza: kile kiti, lile gunia, na mwisho wake gunia likivuliwa.

Watakaokuja kumtazama ni wale wale. Hapa namwomba mwandishi asiwalazimishe kupiga makofi. Yule mama wa chumvi anainuka katikati ya mchezo na kuondoka, na hatujui kama atarudi. Ana haki hiyo. Mwenye kukosa ana haki ya kuonyesha uso wake, hana haki ya kuwapangia watu watakavyoupokea.

Mtaniuliza kwa nini nifukue haya katika mji uliokwisha kuumia tena kwa ghasia za mwaka 1992 na 2008, mji ambao uwanja wake wa maonyesho ya kilimo uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Nafukua kwa sababu haya hayakuwahi kuzikwa. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya Hali ya Hatari na kukubali malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Lilikuwa jambo jema, lililochelewa mno. Waliovaa gunia hawakuwa na mahali katika kesi ile, wala hawakustahili kuwa napo. Riwaya inaweza kuwapa mahali bila kuwapa malipo.

Na jukwaa lenyewe bado linagombewa, hapa hapa kwetu. Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama lilifanyika Nakuru. Wasichana wa Butere walikuja na mchezo uitwao Echoes of War, wakiwa na amri ya Mahakama Kuu kwamba waruhusiwe kuonyesha. Mtunzi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa jioni ya tarehe 9 na hakuwa nao. Asubuhi ya tarehe 10, katika shule ya Kirobon, waliletwa mbele ya ukumbi usio na hadhira. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakiwa wanalia. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana wa shule, watoto wetu, walielewa kwamba kuigiza bila wa kukutazama ni kuvalishwa gunia, wakakataa.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wanaoandika: waliokuwa na miaka 17 mwaka 1953 sasa wanakaribia 90. Nyaraka za kikoloni ziko Nairobi, zitawangoja. Bibi wa Bahati hatawangoja. Nendeni na sukari na majani ya chai, na msianze kwa kuuliza nani alikula kiapo na nani alikuwa homugadi. Ulizeni nani alikuwa hodari wa kuigiza watu pale kambini, alimwigiza nani, na nani hakucheka.