Miji ya Wazee Wetu na Swali la Mtoto

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo)



Tumekutana tena, sisi tuliotawanyika Uingereza, Omani na Mombasa. Kamati imenipa heshima ya kuwaelezeni safari tuliyoifanya mwaka 2023 katika miji ya kale ya pwani yetu. Nilidhani wangemteua mwenye picha nyingi. Wamemteua mwenye maneno mengi. Nawaombeni mnistahamilie.

Tulikuwa watu 27. Mkubwa wetu alikuwa Ami, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 81, na miongoni mwa wadogo alikuwamo binti wa kaka yangu, mwenye miaka 13, aliyezaliwa huku Uingereza na ambaye pwani aliijua kwa simulizi tu. Tulipanga kuanzia Mombasa, tuvuke mpaka wa Lungalunga na Horohoro, tupite Pangani na Bagamoyo, kisha tumalizie Unguja. Tulimkodi kijana wa Kiunguja aliyesomea kazi ya kuwatembeza wageni. Wapo walionung'unika wakisema, "Kuna haja gani ya kumlipa mtu atuoneshe kwetu?" Lakini ukweli ni kwamba wazee wetu wanajua vichochoro na hawajui tarehe, na watoto wetu hawajui vichochoro wala tarehe.

Katika lango la mahali pamoja, ambapo sitapataja, Ami alitakiwa alipe kiingilio cha mgeni. Akaghadhibika, akamwaga Kimvita chote alichokulia nacho utotoni alipokuwa akisoma Mombasa. Bawabu akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamjibu kwa Kimvita kile kile kwamba maneno yake ni ya mwenyeji, ila pasipoti yake ni ya mgeni. Sote tulicheka, na Ami mwenyewe akacheka, akalipa. Lakini niliona uso wake ulivyobadilika alipoirudisha pasipoti ile mfukoni.

Mombasa tuliingia katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kiongozi wetu alitueleza jinsi ngome ilivyozingirwa na majeshi ya Omani kuanzia Machi 1696 hadi ilipoangukia mikononi mwao Desemba 1698. Alitueleza pia kwamba kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 ilitumika kuwa jela, na ndipo ikaja kuwa makumbusho. Hapo Ami alichangamka. Aliwaonesha watoto upande ambao bahari ilileta misaada ya Wareno, akaeleza njaa na maradhi yaliyowaua waliokuwamo ndani, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwa juu ya ukuta. Watoto wakamzunguka, wakasahau hata simu zao. Nilifurahi, nikajiambia moyoni kwamba gharama ya safari imekwisha kurudi.

Pangani tulisimama ukingoni mwa mto, tukitazama kivuko kikienda Bweni na kurudi. Huo ni mji mdogo mtulivu, wenye minazi na majumba ya kale ambayo kuta zake zinamomonyoka. Kiongozi alitusimulia habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani tangu mwaka 1888, wakamkamata na kumnyonga hapo Pangani Desemba 1889. Ami akaitikia kwa kichwa na kusema, "Huyo alikuwa mwanamume." Kijana akakubali kwamba alikuwa shujaa, kisha akaongeza kwamba bonde la mto ule lilijaa mashamba ya miwa, na kwamba Abushiri mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye mashamba. Mtoto mmoja akauliza, "Nani alikuwa akikata miwa?" Kijana akajibu, "Watumwa." Ami akatazama saa yake, akasema jua limekuwa kali na basi linangoja.

Ndugu zangu, sikulitia jambo hilo maanani. Nililikumbuka tulipofika Bagamoyo.

Bagamoyo ndiyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, walishuka hapo na pembe za ndovu mabegani. Na watumwa nao walishuka kwa njia hiyo hiyo. Katika misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, tulielezwa kuhusu kijiji cha watumwa waliokombolewa, na jinsi maiti ya Livingstone ilivyofikishwa hapo mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka bara. Miongoni mwa walioibeba alikuwa Chuma, ambaye yeye mwenyewe alikombolewa utumwani alipokuwa kijana mdogo.

Kiongozi alitupa maana mbili za jina la mji. Wapo wasemao kwamba ni bwaga moyo wa mpagazi, aliyefika mwisho wa safari na kupumzika. Wapo wasemao ni bwaga moyo wa mtumwa, aliyeambiwa auache moyo wake pwani kwa kuwa kwao hatarudi tena. Nikamuuliza yeye anaichagua ipi. Akaniambia, "Shangazi, mimi huzisema zote mbili. Wageni wengine huniuliza idadi ya watumwa. Wageni wenye asili ya hapa huniomba tupite haraka." Hakunisema mimi, lakini nilijijua.

Basi tukavuka kwenda Unguja. Wengi wenu mnajua hali ya mtu anayeiona Forodhani kutoka baharini baada ya miaka mingi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, nasi tulilitazama jengo lile kama mtu amtazamavyo jamaa aliye kitandani hospitali. Ami aliwaonesha watoto nyumba aliyozaliwa. Aliwaeleza Januari 1964: nani alitoka kwa jahazi, nani kwa ndege, nani hakutoka kabisa. Alilia, na watoto wakalia naye. Hilo ni haki yake, na ni haki yao kulijua.

Siku ya pili tukaenda Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba kwa kushurutishwa na Waingereza, na papo hapo likajengwa kanisa la Kianglikana. Nje ya kanisa lipo shimo lililojengewa kwa mawe, na ndani yake zimesimama sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni. Watalii walikuwa wakipiga picha. Watoto wetu hawakupiga. Binti wa kaka yangu alisimama muda mrefu, kisha akanishika mkono na kuniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, mbele ya watu wote:

"Shangazi, sisi tulikuwa upande gani wa mnyororo?"

Nilimtazama Ami, naye akatazama chini. Kiongozi, kwa adabu ya Kiunguja, akageukia kando na kujifanya anahesabu tiketi. Nikamwambia mtoto kwamba tutazungumza baadaye. Hilo ndilo jibu nililopewa mimi nilipokuwa na umri wake, na hiyo "baadaye" haikuwahi kufika.

Usiku ule, Forodhani, watoto walipokuwa wakila mishikaki, Ami aliniita nikae karibu naye. Aliniambia jambo aliloambiwa na babu yake shambani, miaka ya hamsini, na ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mama wa babu yake hakuwa mke wa ndoa. Alikuwa suria. Aliletwa akiwa mtoto mdogo kutoka upande wa Nyasa, akashushwa pwani, akavushwa kwa jahazi hadi Unguja, akanunuliwa. Babu yetu mwenye karafuu akamweka nyumbani, akazaa naye mtoto mmoja wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule mtoto wa suria alikuwa huru na alifuata ukoo wa baba yake. Hivyo mtoto alipata jina, shamba na nasaba, na mama hakuandikwa popote. Sheria ya mwaka 1897 ilipowapa watumwa wa Unguja haki ya kudai uhuru, masuria waliachwa nje yake, mpaka mwaka 1909. Hata jina alilopewa na mama yake huko kwao, Ami hakuambiwa.

Sote tuliomo ndani ya ukumbi huu, wa Leicester, wa Maskati na wa Mombasa, tumetokana na mtoto yule mmoja.

Asubuhi yake, kabla ya chai, Ami aliniomba tumchukue mtoto, turudi Mkunazini sisi watatu tu. Alikwenda polepole na fimbo yake. Walipofika mbele ya shimo lile alimwambia, "Mjukuu wangu, jana uliuliza. Tulikuwa pande zote mbili. Aliyeshika mnyororo ni babu yetu, na aliyefungwa ni bibi yetu." Mtoto akauliza, "Jina lake nani?" Ami akasema, "Hatukulitunza." Nimemjua Ami maisha yangu yote, nimemwona akizika ndugu zake, lakini sijawahi kumsikia akitamka neno kwa uzito kama alivyolitamka hilo.

Ndugu zangu, naomba niseme nililokusudia, nalo nalisema kwa idhini ya Ami, ambaye amekaa hapa mbele.

Najua wapo miongoni mwetu watakaosema kwamba haya ni kufukua makaburi, na kwamba ukoo wenye heshima husitiri. Kusitiri ni jambo jema. Lakini nawakumbusha kwamba Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said mwenyewe, alipochapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1886, alieleza wazi kwamba mama yake alikuwa suria wa Kicherkezi, akamwelezea kwa mapenzi makubwa. Binti wa mfalme hakuona aibu kumtaja mama yake. Sisi, wajukuu wa mwenye shamba la karafuu, tunaona aibu ya nini? Au aibu yetu ni kwamba mama yetu alitoka Nyasa, wala hakutoka nchi ya watu weupe? Kila mmoja ajijibu mwenyewe.

Tena tumewafundisha watoto wetu mwaka 1964, na tumefanya vyema. Wanajua tulichonyang'anywa, mlango kwa mlango. Mwaka 1873 na mwaka 1897 hatukuwafundisha, na hawajui karafuu zile zilichumwa na mikono ya nani. Mtoto anayejua dhuluma aliyofanyiwa tu, akisimama mbele ya sanamu zile hataelewa kwa nini jirani zetu wa Unguja nao wana kumbukumbu zao. Simwambii mtoto yeyote abebe dhambi ya mtu aliyekwisha kufa. Namwambia ajue anakaa juu ya msingi gani.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa Kamati.

La kwanza linahusu mti wa ukoo uliomo katikati ya kitabu hiki. Mtaona umeanza na babu aliyekuja na jahazi kutoka Omani, na kwamba majina yote ya vizazi vinne vya mwanzo ni ya wanaume. Jahazi la babu tumelisimulia katika kila mkutano. Jahazi lililomleta bibi hatujalitaja hata mara moja. Naomba katika chapa ijayo, pembeni mwa jina la babu, pawekwe nafasi ya bibi, na kwa kuwa jina hatuna, paandikwe hivi: Mama yetu, aliyetoka Nyasa, aliyeletwa kwa nguvu.

La pili linahusu safari ijayo. Nimesikia kwamba inapangwa twende kwenye hoteli ya ufukweni, tukapumzike. Sina ugomvi na kupumzika. Lakini misafara ya Nyasa ilikuwa ikishukia Kilwa Kivinje, na huenda ndipo bibi yetu alipoiona bahari mara ya kwanza. Kivinje ni mji wa kale wa pwani, na ufukwe upo. Naomba twende huko. Ami amekwisha niambia kwamba, Mungu akimpa uhai, atakuja, hata kama atatozwa tena kiingilio cha mgeni.

Na wewe, binti wa kaka yangu, uliyekaa hapo nyuma na kujificha kwa haya: hukukosa adabu siku ile. Swali lako lilikuwa limechelewa zaidi ya miaka mia, na tumekushukuru kwa kuliuliza.