Oksijeni ya mgandamizo haijengi msuli

Msikilizaji, baada ya habari, neno kuhusu tiba ya oksijeni ya mgandamizo, inayosifiwa kwenye simu kwamba inafufua misuli. Mgonjwa hufungiwa ndani ya chumba maalumu, akivuta oksijeni tupu kwa mgandamizo mara mbili au tatu ya ule wa kawaida. Huko pwani, Mombasa na Zanzibar, vyumba hivyo ni vya wapiga mbizi waliopanda juu haraka mno. Hata aliyezidiwa na moshi wa makaa, tiba hii humfaa.

Lakini ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli ya watoto, ni hitilafu ya jeni: mwili hautengenezi distrofini, protini inayoushikilia msuli. Oksijeni, hata uisindilie vipi, haitaileta. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwaonya wagonjwa kuhusu ahadi zisizothibitishwa za tiba hii.

Mzazi wa Bunia, Ituri, anayetaka kuuza ng'ombe kwa safari ya kuifuata tiba hii, amwone daktari kwanza. Dawa ya predinisoni, ikisimamiwa vizuri, huchelewesha udhaifu wa misuli. Na kunyoosha vifundo vya mtoto mkekani kila siku hakudai tiketi ya ndege. Pesa ya oksijeni ikipatikana Ituri, mimi ningeipeleka wodi ya watoto wenye nimonia.